Pete Chini ya Dirisha

Pete ilifukiwa katikati ya ua, karibu na bomba la maji, lakini mashine ikalilia chini ya dirisha.

Herménégilde alicheka. "Eish! Nimesahau mwenyewe nilipoifukia," akasema, ingawa alama ya kisigino chake ilikuwa bado mbichi pale bombani. Mtu akishakipenda kitu, macho yake hugeuka mashahidi wa uongo.

Ulikuwa mchana wa Julai, mtaa wa Bertrams, Johannesburg, baridi kavu ya kupasua midomo. Herménégilde alikuwa Mrundi, mlinzi wa usiku kwenye stoo moja ya Doornfontein. Mchana, badala ya kulala kama walinzi wenzake, alizunguka kwenye viwanja vya nyasi na mashine ya kutafutia madini, ile fimbo yenye sahani mwishoni ambayo hulia ikipita juu ya kitu cha chuma au dhahabu kilichofukiwa. Utajiri hakuutaka. Sarafu za zamani, vifungo vya makoti, funguo za milango isiyokuwepo tena, hivyo ndivyo vilivyomfurahisha. Mashine yake ilipokufa, alimwendea Thierry, Mkongomani mwenye duka la mitumba Jules Street, kule Malvern. Thierry akamwachia mbili azijaribu nyumbani: moja mpya, ina kioo kinachoonyesha kina, nyingine kuukuu, mpini wake umezungushiwa kitambaa cheusi.

"Ii ya zamani, papa, mwenyewe aliiacha tu, hakurudia," Thierry alimwambia. "Mimi ningekuwa weye, ningebeba ya mupya. Na mama atasema nini, fimbo zikijaa mu nyumba?"

"Mke wangu hana neno," Herménégilde akajibu.

Wajuzi wa kazi hii hawachagui kwa macho. Hufukia kitu wanachokijua, kisha wakasikiliza mashine ipi inakiona. Herménégilde alitaka dhahabu ya kweli, na dhahabu ya kweli katika nyumba ile ilikuwa moja tu, pete ya ndoa ya mkewe, Spéciose. Aliichukua pembeni ya sinki wakati mama wa watu anaosha vyombo. Hakumwuliza. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa amezoea tu kumsemea.

Ile mpya ilipita ua mzima kimya. Kuukuu ndiyo iliyolia dirishani. Akachimba, na pete ile pale, na kando yake hereni ya dhahabu ambayo hakuna aliyeifukia. Herménégilde akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa kwao Rumonge kupokea cha mkubwa, akaiambia ardhi, "Asante sana."

Basi mashine ikawa imechaguliwa. Ile mpya ilirudi Malvern siku hiyohiyo.

Tangu hapo, kila alipoamka aliipitisha chini ya dirisha, na ardhi haikumnyima. Ilitoa hereni ya pili, kisha bangili, kisha mkufu mwembamba, kisha shanga nyekundu za kiuno. Vyote vitu vya mwanamke. Alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampelekea Spéciose.

"Vaa. Umependa," alimwambia, wala hakungoja kusikia kama amependa.

Spéciose alivaa, na kila kimoja kilimkaa kama alipimwa na sonara.

Harufu ndiyo iliyofuata. Udi, na udongo uliolowa, wakati Johannesburg haijaona tone la mvua kwa miezi.

"Papa Ariane," Spéciose alinong'ona mchana mmoja, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa shule. "Ukiwa kazini, kuna mtu anakaa pale dirishani."

"Mwizi?"

"Mwizi hasubiri. Huyu anasubiri. Namsikia anapumua."

"Nje?"

"Chini."

"Umechoka tu," akasema Herménégilde. "Wewe si mtu wa kuogopa."

Siku ya pili yake, amelala huku pazia limefungwa, alizinduliwa na mlio. Mashine ilikuwa nyuma ya kabati, na betri zake alizitoa mwenyewe asubuhi, lakini ilikuwa inalia taratibu, kama mtu anayeimba huku kafunga mdomo. Alitoka uani akamkuta Spéciose amesimama peku chini ya dirisha, nyayo zimezama udongoni hadi vifundoni, ingawa udongo ule ulikuwa mkavu na mgumu kama tofali, na alipokimbilia ndani kuileta ile fimbo na kumwelekezea, ikalia miguuni pake, akamwambia avue mkufu na bangili na hereni na shanga, akavua vyote bila kusema, na bado ikalia miguuni, ikapanda ikalia magotini, ikapanda ikalia kiunoni, kwa mlio ule mzito inaoutoa ikikuta kitu kilichofukiwa mbali sana, na alipomshika mkono mkewe ulikuwa wa baridi kama chungu kilichotolewa kaburini. Aliogopa. Aliogopa kuliko usiku aliovuka Limpopo maji yakiwa kifuani.

Herménégilde alikuwa Mkatoliki wa kwaya, lakini mfa maji haishi kutapatapa. Alimleta Biubwa, mama wa Tanga aliyesomea wagonjwa pale Doornfontein. Bibi huyo hakukaa hata kitako. Alinusa hewa, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani aliyetia dhahabu ardhini?"

"Mimi, mama. Nilikuwa najaribu mashine."

"Dhahabu ya nani?"

"Pete ya mke wangu."

"Na ulipopewa kitu juu yake, ulisemaje?"

"Nilisema asante."

"Ulipokea vipi?"

Herménégilde akaonyesha viganja vyake viwili.

"Umemwoza mkeo, mwanangu," Biubwa akasema. "Umepeleka pete yake, ukaletewa mahari, ukapokea kwa adabu na ukashukuru. Aliye chini hakuiba. Alifuata taratibu. Wewe ndiwe baba wa bibi harusi."

"Nitarudisha vyote!"

"Vitarudi. Lakini neno la mwisho ni la mwali. Aulizwe mara tatu, akatae kwa ulimi wake mwenyewe, na hata majini wataondoka."

"Na akinyamaza?"

Biubwa alimtazama kwa huruma. "Kwenu si kama kwetu? Mwali akinyamaza amekubali."

Jua likiwa bado juu, vitu vyote viliteremshwa shimoni chini ya dirisha, Spéciose amesimama kando, Biubwa akachoma ubani na kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo udongo wa kingo ulivyoanza kuporomoka wenyewe kidogokidogo, na harufu ya udi ikaumeza ubani, na mbwa wa jirani aliyekuwa akibweka akaacha, na magari ya barabarani nayo hayakusikika tena, kana kwamba mtaa mzima umeambiwa usikilize.

"Spéciose, umeposwa. Unakubali au unakataa?" Biubwa akauliza.

Kimya.

"Anakataa!" Herménégilde akapaza sauti. "Mke wangu anakataa!"

"Sikukuuliza wewe," Biubwa akanong'ona. Akauliza mara ya pili. Kimya.

Herménégilde akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Mama Ariane, nakuomba. Sema. Neno moja tu."

Spéciose alimtazama mumewe, macho yake matulivu na yenye akili zake zote. Kama ni jini aliyemfunga mdomo, au ni yeye aliyechoka kusemewa, Biubwa hakuweza kujua, na mimi pia sijui.

Akaulizwa mara ya tatu.

Spéciose akavuta kitenge chake kutoka mabegani, akajifunika kichwa, akainamisha uso.

Na chini ya udongo, wanawake wengi wakapiga vigelegele.