Bega la Machibya

Rafu ya juu ilikuwa tupu.

Inspekta Marcelo Magese aliitazama akiwa mlangoni mwa stoo ya vifaa vya upasuaji, kisha akamtazama mlalamikaji. Dakta Joyness Shigela, bingwa wa upasuaji wa mabega, alisimama katikati ya chumba ameshika kiuno. Alikuwa na hasira, na hakujisumbua kuificha.

"Kimeibwa nini?"

"Drili ya mifupa. Iko kwenye sanduku lake la bati, ukubwa wa boksi la viatu."

"Mara ya mwisho ilionekana lini?"

"Asubuhi, kabla ya kliniki. Nesi Anna alipanda stuli akaiweka pale juu. Tumemaliza wagonjwa, haipo."

"Stuli ilikuwa wapi wakati wa kliniki?"

"Wodini. Imeshinda huko."

Inspekta alinyoosha mikono kuifikia ile rafu. Wa kulia ulipanda bila shida. Wa kushoto ulifika usawa wa sikio, ukagoma. Aliushusha haraka, akajifanya anakagua ukuta.

"Hilo bega linakuuma tangu lini?" aliuliza daktari.

"Haliumi."

"Sawa, afande."

Koplo Gloria, aliyekuwa akipaka unga wa kutafutia alama za vidole, aliinamisha kichwa ili bosi wake asimwone anavyocheka. Alipoinua uso alikuwa na habari.

"Kuna alama za mikono miwili, afande. Kulia na kushoto, kwenye ukingo wa rafu. Ni vidole vikubwa, sio vya nesi."

Kwa hiyo mwizi alikuwa mrefu, na aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa. Inspekta alimwita mlinzi wa getini, Januarius, mtu mrefu kama mlingoti wa bendera.

"Uliwapekua wote waliotoka?"

"Wote. Mikoba, vikapu, mpaka sufuria za mama ntilie."

"Na hakuna aliyetoka na sanduku?"

"Labda lilitoka kwa miguu yake, afande."

"Usitoke Bariadi mpaka nikuambie."

Utani ukamwisha Januarius palepale.

Ofisini kwa daktari palikuwa na picha za eksirei zilizobandikwa dirishani, mabega matupu yakipitisha jua la mchana. Dakta Joyness aligonga moja kwa kidole.

"Hii ndiyo inayoninyima usingizi. Ya mzee Machibya, mkulima. Alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, bega likavunjika vipande vipande. Nilimuunga hapa hapa, mwaka jana. Mfupa umeshika vizuri. Misuli imerudi. Lakini mkono haupandi."

"Kwa nini?"

"Ningejua ningelala. Nilipanga kulifungua tena wiki ijayo, na bila drili silifungui." Alikaa, na hasira ikaonekana kuwa ni uchovu tu. "Afande, niliacha kazi nzuri Dar es Salaam nije kutengeneza mabega nyumbani. Watu hapa wanalima, wanachunga, wanapiga ngoma. Mtu bila bega ni nusu mtu. Wagonjwa wangu wote wamepona isipokuwa huyu. Nikimfungua nikashindwa tena, naachana na mabega. Nitarudi kuunga miguu kama wenzangu."

Alisema bila kujihurumia, na ndiyo maana Inspekta alimhurumia.

"Hao waliopona, unajuaje kwamba wamepona?"

Kwa mara ya kwanza daktari alitabasamu. "Fulana."

"Fulana?"

"Mwenye bega bovu havai fulana. Anavaa shati la vifungo, anatanguliza mkono mgonjwa, halafu mzima unafuata. Fulana ya shingo nyembamba inataka uinue mikono, au uvalishwe kama mtoto. Siku mgonjwa anaingia hapa na fulana aliyoivaa mwenyewe, najua kazi yangu imeisha."

Inspekta aliliangalia shati lake la polisi, lenye vifungo kuanzia juu mpaka chini, akaamua kubadilisha mazungumzo.

"Tutachukua alama za vidole za kila aliyekuwepo leo."

"Chukueni. Ila Machibya mwacheni. Alikaa kwenye benchi la karibu na stoo, lakini mkono wake haupiti kifua. Mtamsumbua bure."

Neno la bingwa ni neno la bingwa. Inspekta alimweka Machibya upande wa mashahidi.

Alama za wafanyakazi hazikufanana na zile za rafuni. Za wagonjwa wengine waliofika kliniki siku ile nazo hazikufanana. Za Januarius pia hazikufanana, na kuanzia hapo alimsalimia kila polisi kwa sauti ya mtu anayedai kuombwa radhi. Aliyebaki ni shahidi wa kwenye benchi, Machibya.

Machibya aliishi kijiji kimoja njiani kuelekea Maswa. Inspekta na Gloria walimkuta kivulini, upande wa kihenge cha mpunga, mkono wa kulia ukining'inia shingoni kwenye kitambaa.

"Mwadila, baba," alisema Inspekta.

"Mwadila. Karibuni, karibuni mkae."

Alikuwa mwenyeji mwema. Aliinama mlangoni kwa urefu wake, akaingia ndani, akarudi na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, amelishika kwa mkono wa kushoto. Inspekta hajawahi kukataa michembe tangu azaliwe. Alikaa, akatafuna, akauliza.

"Siku ile ya kliniki, ulimwona mtu akiingia stoo?"

"Nilikuwa nimesinzia, afande."

"Kwenye benchi la mbao?"

"Usingizi hauchagui."

"Mama yuko wapi?"

"Maswa, kwa dada yake. Ameondoka tangu wiki iliyopita."

"Na watoto?"

"Wameolewa, wako kwao."

"Kwa hiyo uko peke yako na mkono huo. Unakula nini?"

"Mdogo wangu, Luhaga, ni jirani. Shemeji ananiletea ugali."

Inspekta alinyoosha mkono kuchukua kipande kingine cha michembe. Mkono ukaishia hewani. Machibya alikuwa amevaa fulana ya njano ya mashindano ya mpira ya kata, safi, yenye shingo nyembamba iliyombana kooni.

"Fulana nzuri," alisema.

"Ya zawadi."

"Nani kakuvalisha?"

Machibya aliivuta shingo ya fulana.

"Ni shemeji?"

"Shemeji anivalishe fulana?" Mzee aliinuka nusu kwenye kiti. "Afande, tuheshimiane."

"Basi Luhaga."

"Luhaga yuko Bariadi tangu jana, amefuata nira."

"Hiyo fulana umeivaa lini?"

"Leo asu..." Machibya aliishia hapo. Alikitazama kifua chake, akamtazama Inspekta, halafu macho yakamponyoka yakaenda kwenye kihenge.

Gloria aliyafuata macho yale. Alipanda, akazamisha mkono kwenye mpunga, akatoka na sanduku la bati.

"Ulilitoaje getini?" aliuliza Inspekta.

"Humu." Machibya aligusa kitambaa cha mkono. "Nikavaa koti juu. Mkono mgonjwa hakuna anayeupekua."

Walimsomea haki zake, wakampandisha garini. Inspekta aliomba radhi kwa michembe iliyobaki, kisha akaichukua.

Kituoni alama za vidole zilifanana zote, kulia na kushoto. Dakta Joyness alifika kutambua mali. Alifungua sanduku, akaigusa drili, akalifunga. Alipogeuka kwa Machibya sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mzee, inua mkono."

Machibya alikivua kitambaa. Aliinua mkono wa kulia polepole, ukapita kifua, ukapita sikio, ukasimama wima juu ya kichwa. Kisha akaunyanyua na wa kushoto, kama mtu aliyewekwa chini ya ulinzi. Yote miwili ilikuwa sawa.

Daktari aliutazama mkono ule kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Furaha ilimjaa mpaka akashindwa kugombana.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya palizi, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kabla ya palizi! Na mimi nilikuwa nikijuta kwamba nimekuharibu. Ulikuwa unanidanganya kila mwezi. Kwa nini?"

Machibya alishusha mikono. Inspekta alimwashiria Gloria aandike maelezo.

"Baba alipokufa tuligombania ng'ombe, mimi na Luhaga. Hatukusemezana miaka mingi. Nyumba zetu zinatazamana, na hatukusemezana. Nilipovunjika bega, asubuhi moja nikasikia ng'ombe shambani kwangu. Luhaga alikuwa analima. Hakuomba ruhusa wala hakusalimia. Alilima tu. Jioni nikamwita ale. Akaja. Kesho yake akaja tena. Nikajua nikipona, atarudi kwake. Basi sikupona."

"Na drili?"

"Daktari alisema atanifungua tena. Ningemwambiaje kwamba nimepona, wakati nimesema uongo miezi yote hii? Nikaona bila kile chuma hafungui. Ningekirudisha nikipata njia."

"Umenipa kazi, mzee," alisema Inspekta. "Wizi ni wizi. Jalada litakwenda kwa wakubwa, hospitali nayo itasema neno lake. Leo nitakupa dhamana. Nani wa kukudhamini?"

"Mimi."

Luhaga alisimama mlangoni, vumbi la soko likiwa bado miguuni, mkononi ameshika nira mpya ya ng'ombe. Alikuwa amepigiwa simu na mkewe. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu saa ngapi, lakini uso wake ulionyesha amesikia ya kutosha.

Machibya aliinamisha kichwa. "Luhaga, nilikudanganya."

"Hukunidanganya. Wakati wa palizi nilikuona unamrushia jiwe nyani aliyeingia kwenye mahindi. Kwa mkono huohuo. Lile jiwe lilivuka mpaka wa shamba."

Daktari alimgeukia kwa mshangao. "Ulijua amepona, ukaendelea kumfanyia kazi? Mbona hukusema?"

Luhaga alikwaruza nira kwa ukucha, akatafuta maneno.

"Ningesema, daktari, ningekuwa naenda pale kufanya nini?"

Gloria aliacha kuandika. Dakta Joyness alicheka huku machozi hayajakauka, akasema yeye kama mlalamikaji amepata zaidi ya alichoibiwa, na hilo liandikwe. Inspekta alisema sheria haina nafasi ya kuandika hivyo, ila ataitafuta.

Luhaga alitia saini ya dhamana. Kisha akampa kaka yake ile nira.

"Beba mwenyewe. Tumeambiwa umepona."

Machibya aliitupia begani, bega la kulia. Wakatoka wawili, wakibishana kuhusu shamba la nani lianze kulimwa mvua ikinyesha.

Inspekta aliwatazama mpaka wakapotea nyuma ya bodaboda. Alipogeuka, daktari alikuwa amevuta kiti mbele yake.

"Na wewe, afande. Fungua vifungo."