Honi ya Njue

Haya Teresia wa kule juu ya Runyenjes alinieleza mwenyewe tukichambua maharagwe, na mnamjua, hana akili ya kutunga uongo.

Kila alfajiri Njue hupita na pikipiki akikusanya maziwa. Langoni kwa Teresia hupiga honi namna moja: pi, pi, piii. Ukichelewa anaenda zake, na maziwa utayanywa mwenyewe.

Siku hiyo giza lilikuwa halijaisha, na ukungu mzito. Teresia alimwacha mjukuu wake Ciku amelala, akafunga mlango kwa kufuli, akateremka na mtungi. Pi, pi, piii, huko barabarani. Alipofika, hakuna mtu. Pi, pi, piii, sasa kwenye migomba.

"Wewe Njue! Utamchezea cucu yako, nyanya mzima, mpaka lini?"

Hata mngurumo wa injini hakuna. Kisha honi ikalia nyuma yake, juu karibu na zizi.

Ndipo taa ya pikipiki ikatokea upande wa pili, na Njue juu yake.

"Mbona unanizungusha na honi, kijana?"

"Honi gani, cucu? Wezi waliing'oa jana sokoni. Leo naita watu kwa mdomo kama muuza omena."

Teresia aliangusha mtungi, maziwa yakamwagika, akapanda mbio ufunguo mkononi. Pi, pi, piii ilikuwa imelia tena, safari hii ndani ya nyumba, na Ciku alikuwa akicheka kama mtoto anayetekenywa.