Mkurugenzi Aliyefungiwa Nje

Mkurugenzi wa kampuni ya bima alikutwa asubuhi kwenye korido ya ghorofa ya sita, hai lakini jasho linamtiririka, akigonga mlango wa ofisi yake mwenyewe. Kadi yake ilikuwa haifungui kitu zaidi ya stoo ya mafagio. Kuna mtu alikuwa ameingia kwenye saraka, ile kompyuta inayojua nani ni nani humo ndani, akabadilisha vyeo. Sasa bosi alikuwa msafishaji, na mama msafishaji ndiye mkurugenzi.

Inspekta wa polisi aliyeitwa alicheka kwanza, kisha akajifanya anakohoa.

Bosi hakuwa na mzaha. Alitaka mama atiwe pingu papo hapo na kazi iishie hapo. Mama wa watu, mjane anayelea wajukuu, alisimama na ndoo yake. Aliapa kwamba hata kupiga simu huwa anabonyezewa namba na mjukuu.

Inspekta akamgeukia fundi wa kompyuta, jamaa mpole mwenye miwani. Akaelezwa kwamba mashine nyingine huipelekea saraka amri kutoka mbali: badili hiki, ongeza kile. Kabla ya kutii, saraka inatakiwa kudai uthibitisho wa anayeamuru. Ya hapa haidai. Inatii tu.

"Ukaguzi huo aliuzima nani?"

"Mimi, bosi aliposema. Printa yake kuukuu haiwezi kujithibitisha. Nilimwambia ni hatari, akasema yeye anataka karatasi zitoke."

Bosi akaanza kukagua dari.

"Amri ya jana ya kubadili vyeo ilitoka mashine gani?"

"Anwani yake ya mtandaoni ni ya printa hiyohiyo."

"Iko wapi?"

Fundi akajibu huku akifuta miwani. Iliharibika wiki iliyopita. Iko mezani kwake, imefumuliwa yote.

"Printa iliyofumuliwa haitoi amri," Inspekta akasema. "Kuna mtu kaazima anwani yake. Nani?"

Inspekta hana subira ya kubembeleza watu. Akachomoa pingu, akamshika mama mkono.

"Mwacheni mama," fundi akasema. "Ni mimi."

Yote yakamwagika. Lifti inafunguka kwa kadi za wakubwa tu, na mama hupanda ngazi na ndoo mpaka magoti yamekwisha. Fundi alimwombea ruhusa, bosi akasema lifti si ya ndoo. Basi jana akaamua kumpa mama ruhusa ya lifti kimyakimya, lakini kwa papara akabadilisha kumbukumbu nzima, za mama zikawa za bosi na za bosi zikawa za mama.

"Magoti yake yanakuhusu nini wewe?" Inspekta akauliza.

Fundi akainama. "Nampenda binti yake. Nilitaka mama anione mtu wa maana."

Habari hiyo mama alikuwa hana. Aliweka ndoo chini, akamkagua fundi kuanzia viatu mpaka miwani. Bosi alikuwa anafoka afungwe maisha, lakini hakuna aliyemsikiliza. Inspekta akamfunga fundi pingu, maana kazi ni kazi, na moyoni akamwonea huruma kweli.

"Baba," mama akamwambia fundi, "wakikuachia, uje nyumbani. Mchana, mlango wa mbele. Na ujitambulishe kwanza."