Mate ya Spas

Kila asubuhi kabla ya kengele, watoto wa darasa la sita mjini Kazanlak walijazana kwenye duka la mikate lililotazamana na shule. Kalina alinunua banitsa yake, mkate wa matabaka wenye jibini, akaila mbali na wenzake, kwa sababu hakupenda kuona watu wakitafuna. Spas, aliyeketi naye dawati moja, alitafuna mdomo wazi, jibini likimganda kwenye meno.

Siku hiyo Mwalimu Milcheva alifundisha mmeng'enyo wa chakula.

"Sukutueni kwanza," alisema. "Mmoja ateme kwenye neli ya kioo, mwenzake atie uji wa wanga. Mwisho tunadondoshea iodini. Wanga ukiwapo bado, mtaona buluu. Mate yakiwa yameumeng'enya, iodini inabaki ya kahawia."

Spas alisukutua harakaharaka, akatema. "Shika," akasema, akijifuta mdomo kwa mkono wa sweta.

Kalina akatazama. Mate yalikuwa na mapovu, yakivutika kama ute wa yai, na katikati kimeelea kipande cha jibini. Neli ilikuwa na uvuguvugu, na uvuguvugu ule ndio uliomchafua roho zaidi. Akaenda kwenye sinki, akageuza mgongo, akayamwaga yote, akatia maji ya bomba na juu yake uji wa wanga.

Mwisho wa kipindi neli zote zilikuwa za kahawia, isipokuwa yao. Ilikuwa buluu iliyokolea.

"Ajabu," mwalimu alisema. "Mate ya nani haya?"

"Ya Spas," Kalina akajibu kwa sauti ndogo.

"Spas ana mate maiti," Boyko alisema kutoka nyuma, na darasa zima likacheka. Mwalimu aliwanyamazisha, akaahidi kwamba jaribio litarudiwa, lakini jina lilikuwa limeshanata. Hata kwenye ngazi walimwita Mate Maiti.

Siku chache baadaye Kalina alimkuta Spas akitupa banitsa nzima kwenye pipa.

"Huli?"

"Chakula kitaniozea tumboni," Spas alisema bila kumtazama. "Nikilala nasikia kinachacha humu. Usimwambie mama."

Alikuwa amesawijika, midomo imemkauka. Kalina akahisi kichefuchefu, na safari hii hakikutokana na mate ya mtu.

Kipindi kilipoanza alisimama. "Mate ya Spas ni mazima, mwalimu. Niliyamwaga. Niliona kinyaa, nikatia maji."

Spas akamgeukia. "Na ukaniacha nishinde njaa?"

Mwalimu alimpa Spas neli nyingine, akatema tena, na Kalina akaishika, akatia uji wa wanga. Iodini ilipodondoka, rangi ilibaki ya kahawia. Boyko akainamisha kichwa.

"Wewe pia unameza mate kutwa," Mwalimu Milcheva alimwambia Kalina. "Tumboni una asidi, una nyongo ya kijani, una majimaji ya kongosho. Ukiyaona utakimbia, na bila hayo mkate usingekufaa kitu. Kuona kinyaa si kosa. Ungeniambia, ningekupa glavu. Kosa ni kudanganya, kisha kunyamaza siku zote hizi mwenzako akiuogopa mwili wake mwenyewe."