Pasi Iliyosingiziwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umeme ulikatika katika vyumba vyote vinne. Mtaani haukukatika, taa ya duka la ng'ambo ya barabara ilikuwa ikiwaka kama kawaida. Ulikatika katika nyumba ile peke yake, kwa sababu mita yake ilikuwa imesoma sifuri. Uniti zilizonunuliwa kwa michango ya wapangaji zilikuwa zimekwisha, na mwezi ulikuwa haujafika hata katikati.

Msichana aliyekuwa mezani akimalizia zoezi la hesabu aliweka kalamu chini. Nyumba nzima ilimwita Maswali. Jina hilo alipewa na kinyozi wa chumba cha mbele, aliyedai kwamba mtoto huyo akikuuliza saa ngapi, ukimjibu, atakuuliza umejuaje. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amesimama mbele ya meza nyingine na sketi ya shule mkononi, nusu imepigwa pasi, nusu bado. Aliyabonyeza marinda kwa kiganja, akayaangalia yakifumuka tena, kisha akachomoa waya wa pasi ukutani.

"Vaa uende shule," alisema. "Hili litazungumzwa jioni."

Nyumba ilikuwa na mita moja tu. Kila chumba kilichangia sawa na kingine, na kinyozi ndiye aliyekusanya pesa na kununua uniti. Chumba cha pili alikaa mwanamke aliyeitwa Mama Pacha, mwenye friji ya kuuzia maji ya baridi. Cha tatu kilikuwa cha mlinzi, mtu mkimya aliyefanya kazi usiku na kulala mchana. Cha nne kilikuwa cha fundi cherehani na binti yake. Mwenye nyumba aliishi katika nyumba yake mwenyewe, nyuma ya ukuta wa ua. Wapangaji walinunua maji kwake kwa ndoo, kutoka kwenye bomba lililotokeza uani, nao walimlipa kila Jumapili.

Hakuna aliyeweza kusema kwamba fundi cherehani alikuwa mfujaji. Pesa ya wateja ilipofika mkononi mwake, aliigawa kabla haijapoa: kodi, chakula, shule, uzi na vifungo, umeme. Kipande cha sabuni alikikata kwa uzi, akakiweka juani kikauke ili kisiishe upesi. Maharage aliyaloweka tangu jana yake ili yasile mkaa mwingi. Nguo za wateja alizipiga pasi zote kwa mpigo mmoja asubuhi, pasi isipate moto mara mbili kwa siku. Balbu yao ilikuwa moja, na Maswali alikuwa ameambiwa asome kabla jua halijazama. Pamoja na hayo yote, fungu la umeme lilipasuka kila mwezi na kumega mafungu mengine. Lilianza kumega la uzi. Mwezi uliopita lilimega la chakula, na maziwa yakaondolewa mezani.

Jioni, wapangaji walikutana penye bomba. Kinyozi alianza kwa kueleza kwamba yeye amechoka kutembea chumba hadi chumba akiomba michango kama mtu anayedai zawadi. Alisema kila mmoja amekwisha kupunguza. Yeye mwenyewe huzima taa ya kioo mteja akiondoka. Mama Pacha alisema huizima friji mchana kutwa, mpaka wateja wanamlalamikia kwamba maji yake ni ya vuguvugu. Mlinzi alisema yeye mchana analala, na usiku hayupo, kwa hiyo balbu yake ni pambo tu.

"Basi tusizunguke," kinyozi alisema. "Katika nyumba hii kuna kitu kimoja kinachopata moto. Kila mtu anakijua. Dada, pasi yako inatumaliza."

Ilipendekezwa kwamba fundi cherehani achangie mafungu mawili badala ya moja, au pasi isichomekwe tena katika nyumba ile. Mama Pacha aliongeza kwamba hana ubaya na jirani yake, ila haki ni haki.

Maswali alijua maana ya maneno hayo. Mama yake alikuwa ameshika kazi ya sare za darasa la kwanza zima la shule ya jirani, na zilitakiwa Jumatatu. Mtunza stoo wa shule ile alikuwa na desturi ya kurudisha sketi ambayo marinda yake hayakunyooka. Bila pasi, hakuna sare. Bila sare, hakuna kodi wala ada ya muhula. Na mafungu mawili ya umeme hayakuwa na mahali pa kutoka, maana hata maziwa yalikuwa yamekwisha kutolewa.

"Pasi ya mama inawaka mara moja kwa siku," alisema. "Friji ya Mama Pacha inanguruma hadi tunaisikia kitandani. Kwa nini isiwe friji?"

"Huyu mtoto wako anaongea kama hakimu," Mama Pacha alimwambia fundi cherehani. "Mwambie friji yangu inalisha watoto wawili."

"Na pasi yetu inamlisha nani, paka?"

Fundi cherehani alimwambia bintiye aingie ndani. Alipomfuata chumbani, alimkuta amekaa kitandani, amefura. Hakumkaripia. Alimuuliza kama ana ushahidi kwamba ni friji. Maswali alitikisa kichwa. Mama yake alimwambia kwamba na wale walioko nje hawana ushahidi kwamba ni pasi. Kwa hiyo, mpaka sasa, wote wako sawa.

"Sitaki kutozwa kwa kukisia," alisema. "Kwa hiyo nawe usimtuhumu mtu kwa kukisia. Kuna njia gani ya kujua?"

Maswali alifikiri. Alieleza kwamba mwalimu wa sayansi aliwaonyesha kijitaa chekundu kilicho kwenye uso wa mita. Umeme mwingi ukitumika, kinakonyeza upesi upesi. Ukitumika kidogo, kinakonyeza polepole. Usipotumika kabisa, hakikonyezi.

Mama yake alirudi uani akatoa sharti lake. Yuko tayari kulipa mafungu mawili pasi ikipatikana na hatia. Lakini kwanza, Jumamosi asubuhi, kila mtu achomoe kila kitu kwa wakati mmoja, kisha vitu vichomekwe kimoja kimoja, pasi ikitangulia, watu wote wakiangalia mita. Kinyozi alikubali bila kusita, kwa kuwa hakuwa na shaka na matokeo. Walichangishana kidogo wakanunua uniti za kuwafikisha siku hiyo. Hapo ndipo lilipojulikana jambo ambalo halikuwahi kumpitia mtu kichwani: tangu wahamie pale, kila mmoja alikuwa akizima vyake kwa wakati wake. Mmoja akizima, mwenzake anawasha. Haikuwahi kutokea hata siku moja wakazima wote pamoja.

Jumamosi, ua ulikuwa na pilikapilika za kufua. Mama Pacha alikuwa amejaza ndoo na mabeseni tangu alfajiri. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa, shuka la kunyolea likiwa bado shingoni, kwa sababu mashine ilichomolewa kabla ya kufika upande wa pili. Vyumba vilikaguliwa. Mama Pacha aliushika waya wa friji juu juu kwa vidole viwili, kama mtu aliyekamata mkia wa panya, ili kila mtu auone. Fundi cherehani alisimama na pasi yake mkononi, ya baridi.

Mita ilikuwa ikikonyeza upesi upesi.

Kinyozi alisema kuna mtu ameficha kitu. Aliingia chumba hadi chumba, akachungulia hadi uvungu wa kitanda cha mlinzi, akatoka na vumbi magotini. Hakuna kilichochomekwa. Kijitaa kiliendelea.

"Pasi hii hapa," fundi cherehani alisema. "Nani anakula?"

Mlinzi, ambaye riziki yake ilikuwa kusikiliza, aliinua mkono kuwanyamazisha. Nyuma ya ukuta, upande wa mwenye nyumba, palikuwa na mvumo mzito wa mashine. Wote waliusikia. Baada ya muda mvumo ulikatika ghafla, na wakati huo huo kijitaa cha mita kilikoma.

Maswali ndiye aliyetazama kwanza bomba, kisha ndoo za Mama Pacha. Aliomba zijazwe ndoo nyingine. Mama Pacha alifungua maji, ndoo zikajaa moja baada ya nyingine. Tangi la mwenye nyumba, lililolisha bomba lile, lilipopungua, mvumo ulirudi, na kijitaa kikaanza tena kukonyeza upesi kama mwanzo. Kinyozi hakuridhika, alitaka lirudiwe. Likarudiwa, matokeo yakawa yale yale. Kisha walifuata kwa macho waya mmoja uliotoka nyuma ya kisanduku cha mita, ukapanda chini ya bati, ukavuka ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi ya ukuta.

Pampu ya mwenye nyumba ilikuwa kwenye mita yao. Walikuwa wakilipia umeme wa kuyavuta maji, kisha wakayanunua maji yale yale kwa ndoo, kisha wakakaa penye bomba lile lile kugombana ni nani anayewamaliza. Mama Pacha alikuwa amewapa watu maji ya vuguvugu kwa sababu hiyo. Maswali alikuwa amefunga vitabu jua likizama kwa sababu hiyo.

Kinyozi alichukua mkasi akaomba ngazi. Fundi cherehani alimzuia. Alimwambia kwamba waya wenye umeme haukatwi kwa mkasi wa nywele, na kwamba wakiukata, mwenye nyumba atasema wameharibu mali yake. Aitwe, aone walivyoona wao.

Mwenye nyumba alikuja na kandambili, akionekana kusumbuliwa. Alionyeshwa. Alisema waya huo uliunganishwa na fundi mmoja zamani, kwa muda tu, kwake kulipokuwa na hitilafu, naye akasahau kuurudisha. Alipoona hakuna anayeitikia, alibadilisha njia. Alisema hata hivyo pampu inavuta maji ya wapangaji wenyewe. Si wao wanaoyatumia?

Fundi cherehani aliiweka pasi chini.

"Maji tunayanunua kwako, mzee. Ndoo haijawahi kutoka hapa bila pesa. Kumbe umeme wa kuyavuta tumeununua pia. Sasa tuambie, wewe unatuuzia nini?"

Mlinzi alitaja, kwa upole wake, kwamba ofisi ya mtaa huwa wazi Jumamosi hadi adhuhuri, na yeye hana usingizi. Mwenye nyumba alisema hakuna haja ya kufika huko. Alimwita fundi umeme kwa simu yake mwenyewe, na mbele ya wote alikubali kwamba umeme wa nyumba ile kwa miezi miwili ijayo ataununua yeye peke yake. Fundi umeme alifika, akazima umeme wote, akauondoa waya na kuupeleka kwenye mita ya mwenye nyumba. Uniti za kwanza ziliingizwa kabla hajakusanya vifaa vyake.

"Mimi naomba nimaliziwe kichwa," mteja wa kinyozi alisema.

Kinyozi alimmalizia. Kisha alikuja mlangoni kwa fundi cherehani, akasimama huku akisugua shingo. "Dada, tulikusingizia."

"Mliisingizia pasi," alijibiwa. "Mimi mlitaka kunitoza." Lakini alimkaribisha ndani, na Mama Pacha naye akaja, na Maswali akamwomba radhi kwa ajili ya friji bila kusukumwa na mtu.

Wageni walipoondoka, pasi ilichomekwa. Maswali alimpa mama yake sketi moja moja. Alikiri kwamba yeye alikuwa na hakika ni friji, na kama angekuwa mkubwa angeichomoa kwa nguvu.

"Na ungekuwa umekosea kama kinyozi," mama yake alisema, akinyoosha rinda. "Hasira yako haikuwa mbaya, mwanangu. Tulikuwa tunaonewa kweli. Ila haikuwa imejua inamwendea nani. Na mimi nilikosea pia. Nilipunguza taa, nikapunguza uzi, nikapunguza maziwa, nikajiona najua kubana matumizi. Nilipunguza kila kilichokuwa chini ya mkono wangu, na kile kilichokuwa kinatumaliza sikukitazama hata mara moja. Kabla hujapunguza, jua kwanza pesa inakwenda wapi. Ukishajua, ndipo ubane. Na ukikuta anayeichukua hana haki nayo, mwambie mbele ya watu, ukiwa na ushahidi."

Waliendelea hadi rundo likaisha.

Jumatatu asubuhi, mtunza stoo wa shule alizipokea sare. Alizifungua zote, akapitisha kidole kwenye marinda ya kila sketi. Hakurudisha hata moja. Alilipa kiasi chote kilichobaki, na fundi cherehani akatia sahihi.