Namba Kumi na Saba Chini ya Daraja

Walikutana sokoni asubuhi, watu wakipigana vikumbo. Antena ya redio aliyobeba dada mmoja mtafiti wa samaki ilinyakua kofia ya fundi viatu.

"Dada, unavua mpaka vichwa vya watu?"

"Samahani, kaka. Buti langu linavuja, nilikuwa nakutafuta wewe."

Fundi akaziba tundu huku dada akimsimulia kazi yake: samaki wa kijito cha mjini wametiwa vidude vinavyolia redioni, naye huwafuata ajue wanakula wapi, wanajificha wapi.

"Na akilia mahali pamoja siku mbili?"

"Huyo tunaandika amekufa."

Mapenzi yakanoga. Dada akamfungia mpenziwe kidude kwenye funguo, namba kumi na saba. "Ukipotea nikupate, roho yangu."

Basi siku ya kwenda kuonana na mama mkwe, dada akasahau, yuko majini na samaki wake. Fundi akapiga simu anafoka: "Samaki wanakujua kuliko mama yangu!" Akakata. Tangu hapo simu haipatikani. Mvua ikanyesha siku mbili.

Siku ya tatu kibanda cha fundi kimefungwa. Dada akaenda kijitoni, akawasha redio chini ya daraja. Ti, ti, ti. Kumi na saba.

Akafungua mashine iliyofungwa kwenye nguzo kurekodi milio. Tangu juzi, namba ile ile, mahali pale pale.

Akashika kalamu, mkono ukakataa kuandika "amekufa". Akaitupa, akaingia kwenye maji ya matope yaliyomfika kiunoni, akipapasa matawi na matambara. Akashika kitu laini kama mkono wa shati. Akapiga ukelele! Kumbe gunia. Chini yake, funguo.

"Toka huko! Maji yatakuchukua, wewe!"

Fundi huyo, darajani, shati limechafuka, macho yamemtoka.

"Nilizitupa kwa hasira," akasema akishuka kumvuta ukingoni. "Simu nimeifungia kibandani. Nalala kwa mama, ananicheka; leo nimerudi kuzitafuta."

Dada akampiga ngumi za kifua, analia. "Nilidhani umekufa! Kitendawili!"

"Sasa hivi? Haya, tega."

"Nimemkuta maiti, akanikaripia."

Fundi akamfunika kwa koti lake. "Najua jibu, sisemi."

"Basi nipe mji."

"Mji chukua, mke wangu. Mama yangu yumo, anakungoja tangu juzi."