Kompyuta ya Kazi ya Mama

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ni kuokota pini. Mama ni fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake. Pini zilizoanguka usipozipitishia sumaku, kuna mtu atazikanyaga kabla ya chai, na mtu huyo kwa kawaida huwa ni mimi. Jumamosi ile niliziokota huku nikiimba, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kununua kompyuta.

Mama alikuwa amepata kazi ya kutarizi nembo za sare kwa shule tatu. Nembo huchorwa kwanza kwenye kompyuta, kisha mchoro huingizwa kwenye cherehani. Siku zote alikuwa akiazima kompyuta ya jirani, lakini jirani huyo alikuwa anahama. Bila kompyuta yake mwenyewe, kazi ile ingemponyoka.

"Injinia," aliniambia akivaa viatu, "mimi kuchora najua, lakini kuchagua hayo madude sijui. Leo wewe ndiye macho yangu. Utakayosema inafaa, ndiyo hiyo hiyo."

Nyumbani wananiita Injinia tangu siku nilipoitengeneza redio ya babu, ingawa kusema kweli betri zilikuwa zimewekwa kinyume tu. Kichwa kikanivimba. Kusema kweli tena, nilikuwa nimekwisha kuchagua. Darasani kila mtu alikuwa akizungumzia gemu la mbio za magari, na gemu hilo haliendi vizuri bila kompyuta yenye kadi ya picha ya peke yake. Nembo za mama sikuziwaza hata kidogo.

Fundi wa duka la kompyuta alikuwa mzee mnene, aliyekuwa akitafuta miwani yake juu ya meza nzima ilhali ameivaa kwenye paji la uso. Mama alimwonyesha, wakacheka, kisha fundi akaishusha puani na kuweka laptopu mbili mbele yetu.

"Hii nyepesi haina kadi ya picha ya peke yake," alieleza. "Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, inafanya kazi zote, na picha humo humo. Hii nzito ina kadi yake maalumu, yenye kumbukumbu yake. Ina nguvu sana. Wanaochora majengo au kuhariri filamu wanaihitaji. Lakini inakula chaji, na inapata joto. Wewe mama, unataka ya kazi gani?"

Nilidakia kabla mama hajafungua mdomo. "Anachora nembo. Bila kadi ya peke yake michoro yake haitafunguka."

Fundi alinitazama juu ya miwani. "Haitafunguka?"

"Haitafunguka," nilisema.

Hakubishana nami. Dukani kwake alikuwa na utaratibu mmoja: hakuna mteja anayenunua laptopu kabla ya kuipakata robo saa nzima, chaja ikiwa imechomolewa. Alimpa mama ile nzito, akamfungulia mchoro wa nembo kutoka kwenye flashi aliyokuja nayo mama. Feni ikaanza kuvuma. Chaji ikawa inashuka huku tunaiona.

Baada ya muda mama alianza kusogezasogeza miguu. Halafu alitoa kipande cha kitambaa mkobani, akakikunja mara mbili na kukiweka chini ya mashine.

"Mama, inaunguza?"

"Kidogo tu, nitazoea," alinijibu akitabasamu. Kisha akamgeukia fundi. "Una mkoba wenye mkanda imara? Maana shule zote tatu naziendea kwa miguu kuonyesha michoro, na huko umeme hukatika mara kwa mara. Lakini mwanangu akisema ndiyo hii, basi ndiyo hii."

Niliona aibu, aibu hasa. Angeibeba ile mashine nzito barabarani kila siku, na kuvumilia joto lake, kwa sababu tu aliniamini.

"Mama, nimekudanganya," nilisema. "Hiyo kadi ni ya gemu. Niliitaka mimi."

Fundi aliiondoa ile nzito taratibu, akampakatisha mama ile nyepesi na kufungua mchoro ule ule. Ulifunguka hata sijamaliza kufuta machozi. Robo saa ikapita, chaji ikashuka kidogo tu.

"Nimekasirika," mama alisema hatimaye. "Lakini umesema mwenyewe kabla sijanunua, na hilo nimeliona. Tunachukua hii."

"Imebaki kuamua ukubwa wa kumbukumbu," fundi alisema. "Gigabaiti nane au kumi na sita?"

Mama akanigeukia tena. Sikuamini. Bado alikuwa ananiuliza mimi! Jibu la kumi na sita lilikuwa tayari mdomoni, nikalimeza.

"Mama, huwa unafungua michoro mingapi kwa wakati mmoja?"

"Mmoja. Ikizidi sana, miwili."

"Basi nane inatosha," nilisema, na fundi akatikisa kichwa kukubali.

Mama aliniwekea mkono begani. "Umeona? Hilo ndilo swali la kuanza nalo. Mtu akikwambia hajui, amejiweka mikononi mwako. Muulize kwanza yeye anahitaji nini, kisha umwambie ukweli, hata kama ukweli huo unakunyima ulichokitamani."